Jinsi nilivyodhibiti kicheko cha msibani

Kicheko changu huja pasipotakiwa: msibani, kwenye dua, bosi anapokaripia. Kinaanzia tumboni, mabega yanatikisika, machozi yananitoka. Wenye huruma hudhani nalia, na mara nyingine hilo limeniokoa.

Nilijaribu kuuma ulimi, kujifinya paja, kuwakumbuka waliotangulia. Kubana pumzi ndiko kulikoharibu zaidi, maana kifua kilichojaa hewa hupasuka kwa mlio wa puani ambao mkeka mzima huusikia.

Kilichofaa ni kinyume chake: kutoa pumzi. Kicheko chenyewe ni pumzi inayotoka vipande vipande. Ukiitoa yote taratibu, hakibaki na cha kutumia. Nikihisi tumbo linaanza kucheza, kwanza nayaondoa macho kwa watu, hasa kwa binamu yangu (akinitazama tu nimekwisha), nayaweka kwenye mshono wa ukili wa mkeka. Kisha nafungua mdomo kidogo, upana wa punje ya mchele, natoa hewa hadi tumbo liingie ndani, nangoja, ndipo navuta kwa pua. Narudia.

Huo mdomo wazi ndio siri. Meno yakigusana, taya linakaza na kicheko kinarudi.

Anayecheka au kulia ghafla bila kuhisi furaha wala huzuni, hasa baada ya kiharusi, huyo amwone daktari; ni hali ya ubongo na ina dawa.

Juzi kwenye hitima simu ya mzee mmoja iliita kwa taarabu katikati ya dua. Nilishusha pumzi, nikaitikia "amin" na wenzangu. Binamu ilibidi atoke nje.