Sio kila nyoka wa kijani ni mamba

Tangu majirani wajue napenda mambo ya nyoka simu yangu haina raha. Picha zinaingia WhatsApp usiku wa manane, nyoka ashauawa, kapondwa na jembe, halafu swali ni lile lile, eti huyu si mamba, yule nyoka wa sumu kali? Na mara nyingi jibu ni hapana jamani, huyo ni ukukwi tu, alikuwa anajitafutia mijusi yake. Kwa hivyo wacha niandike hapa, mtu akiniuliza tena namtumia linki yaishe. Naongelea huku kwetu pekee, Kilifi, Watamu, Gede, Malindi na vijiji vya pembeni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke. Kakamega wana nyoka wao, waulizane wenyewe.

Kwanza rangi iweke kando. Najua ndio kitu cha kwanza jicho linaona lakini ndio inayodanganya kuliko vyote. Huku tuna mamba wa kijani, tuna hawa ukukwi wa kijani wasio na sumu, na tuna bumslangi (boomslang), huyo ana sumu kali, ambaye dume lake mara nyingi ni kijani pia, na wote watatu utawakuta juu ya miti. Angalia kichwa na jicho. Mamba wa kijani kichwa chake ni kirefu chembamba, jicho dogo, na magamba ni laini yamelalana vizuri kama vigae vya paa. Ni kijani kimoja toka kichwani mpaka mkiani, hana madoa, na mkubwa anafika mita mbili hivi. Anapenda miembe na mikorosho yenye majani mengi, tena ni mpole, wengine wanaishi naye uani miaka na hawajui kama yuko.

Ukukwi ni mwembamba, kwa kawaida ni kama mita moja tu, na macho yake ni makubwa mviringo ukilinganisha na hicho kichwa. Kuna yule wa madotidoti meusi, huyo ni wa kawaida sana pwani na hana sumu ya kukudhuru kabisa. Ukimkasirisha anafura shingo, watu wanakimbia, lakini bumslangi naye anafura shingo vile vile, kwa hivyo hiyo isikusaidie kuamua.

Bumslangi ndio anayenipa taabu hata mimi. Kichwa kifupi kinene, jicho kubwa kupita kiasi, na magamba yake kila moja lina mstari ulioinuka katikati kwa hivyo mwili unaonekana kama una mikwaruzo. Shida ni kwamba jike mara nyingi ni kahawia, na mtoto ni kijivu kijivu mwenye jicho la kijani linalong'aa, ukimuona huwezi kuamini atakuja kuwa yule wa kijani. Na sumu yake haina haraka, inaharibu damu ishindwe kuganda, mtu anaumwa leo asubuhi anajiona mzima, anaendelea na shughuli zake, baadaye ndio ufizi unaanza kutoka damu.

Kama unadhani wataalamu hawakwami, mwaka 1957 kule Chicago mzee Karl Schmidt, bingwa kabisa wa nyoka wa jumba la makumbusho la Field, aliletewa nyoka mdogo kutoka Afrika amtambue. Alifanana na bumslangi kwa kila kitu isipokuwa lile gamba la tundu la haja, kwa kawaida bumslangi huwa limegawanyika mara mbili na la huyu lilikuwa zima, ndio wakawa na mashaka. Akamshika, akaumwa kidole gumba, akaenda nyumbani akawa anaandika dalili zake mwenyewe moja moja, na siku ya pili yake akafariki. Gamba moja tu!

Mamba mweusi, yule Watanzania wanamuita koboko, sio mweusi. Ni kijivu au kahawia ya kuchujuka, weusi uko ndani ya mdomo, na ukishaona ndani ya mdomo wake ujue umesogea pabaya. Swila wetu mkubwa wa kahawia anayetema mate pia alichanganya watu, miaka na miaka alihesabiwa kama aina tu ya swila mwenye shingo nyeusi, mpaka 2007 ndio akatambuliwa kuwa ni spishi yake mwenyewe, Naja ashei, kwa heshima ya James Ashe aliyeanzisha Bio-Ken, kile kituo cha nyoka pale Watamu, mwaka 1980. Ndiye swila mtema mate mkubwa kuliko wote duniani na yuko hapa hapa nyuma ya mabanda yetu ya kuku.

Kifutu sina haja ya kumueleza sana, mnene, mfupi, mgongoni ana alama za V, kazi yake kulala njiani asubiri umkanyage. Tembeeni na tochi basi.

Ninayemhofia zaidi ni yule kadogo keusi kanakong'aa kanakotoka ardhini usiku baada ya mvua, kwa Kiingereza anaitwa stiletto snake. Watu wanadhani ni nyoka kipofu, wanamshika nyuma ya kichwa kama walivyoona kwenye video, na huyo meno yake marefu yanatokea pembeni hata mdomo ukiwa umefungwa, kwa hivyo hakuna namna salama ya kumshika. Na dawa ya sumu yake hakuna. Ile dawa ya Afrika Kusini inayotibu sumu ya mamba, swila na kifutu haimtibu huyu, wala haimtibu bumslangi ambaye ana dawa yake peke yake. Ndio maana nasumbua watu kuhusu majina.

Sasa mkitaka niwasaidie, pigeni picha mkiwa mbali, tumieni zumu, nipate kichwa kwa ubavu na mwili mzima, na mniambie alikuwa mtini au chini, mchana au usiku. Mtu akiumwa msipoteze muda kumsaka nyoka wala kumbeba, mkimbizeni hospitali. Na tafadhali, picha ya utumbo na kipande cha mkia mniondolee, hasa saa ya chakula.