Nilivyowapata mababu wa mume wangu ndani ya mirathi ya watu wengine

Nianze na mama mkwe maana yeye ndo chanzo cha yote. Ana miaka 78, kazaliwa jimbo la Virginia huku Marekani, mama yake Virginia, bibi yake Virginia, wanarudi hivyo hivyo nyuma mpaka wanapopotea. Kila mwezi wa nane ukoo wao unakutana, wanachoma nyama, wanavaa fulana za rangi moja, na kuna bango kubwa la mti wa ukoo linaloishia 1870. Mwaka juzi wakati tunakunja lile bango akaniambia, "Mwanangu, we si ndo ulisimamia mirathi ya marehemu baba yako huko kwenu? Basi nisaidie na hii." Nikacheka, nikamwambia Mama, mirathi ya Tanga na mambo yenu ya hapa wapi na wapi. Kumbe alikuwa amegonga palepale bila kujua.

Kwa nini 1870? Kwa sababu sensa ya mwaka huo ndo ya kwanza kuandika watu waliokuwa watumwa kwa majina yao, kila mtu na mstari wake. Kabla ya hapo, 1850 na 1860, serikali ilikuwa na orodha ya pembeni, inaandikwa jina la mwenye mali juu halafu chini yake ni umri, jinsia na rangi tu. Mwanamke 55. Mwanamume 23. Mtoto 3. Unaweza ukawa unamwangalia bibi yako mzaa bibi kabisa na usijue, na mi nilikuwa namwangalia kweli, nakuja huko mbele.

Mwenye ukoo wao kwenye 1870 ni bwana wa miaka 33, mkulima, ana mke na watoto wanne, na mstari wa mwisho wa nyumba ile kuna mwanamke wa miaka 75. Majina siyataji, ni ya familia, nitamwita bibi basi. Sensa ile haikuandika uhusiano, nani mama nani mkwe, hiyo ilikuja 1880, kwa hiyo watu walikuwa wanabishana tu kwenye mkutano, wengine wanasema ni mama yake wengine wanasema ni mpangaji.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuamini kile kila mtu anachokwambia, kwamba walipopata uhuru walichukua jina la bwana wao wa mwisho. Nikaanza kutafuta mabwana wote wa kaunti ile wenye jina la ukoo wetu, nikiamka usiku baada ya zamu (nalea wazee, natoka saa nne usiku), nikalipia nakala, nikasoma mpaka macho yanawaka. Miezi minne. Nikampata mmoja mwenye jina hilo, alikuwa fundi viatu na hakuwa na mtumwa hata mmoja.

Sasa kilichonifungua akili ni fomu namba 5. Waliowahi kusimamia mirathi mahakama ya mwanzo wanaijua. Marehemu akishazikwa, kikao cha ukoo kikishakaa na mahakama ikishakuteua, unatakiwa uorodheshe mali yote, na mimi niliorodhesha mpaka cherehani ya mama na baiskeli isiyo na mnyororo, halafu baadaye unajaza namba 6 ya mgawanyo, nani kapata nini. Siku hiyo nimekaa kwenye basi nikajiuliza, kama hawa watu waliitwa mali, si ina maana kila tajiri alipokufa kuna mtu alikaa akajaza fomu namba 5 yao? Na kwenye orodha ya mali huwezi kuandika "mwanamke 55", warithi watagombana, lazima uandike ni yupi. Lazima uandike jina.

Kwa hiyo nikaacha kutafuta watumwa nikaanza kutafuta vifo vya wenye mashamba. Nikarudi ukurasa uleule wa 1870 nikaangalia majirani, maana wengi baada ya vita ya wenyewe kwa wenyewe iliyomaliza utumwa hawakwenda mbali, walibaki wanalima kwa kugawana mazao palepale. Nyumba ya nne kutoka kwa yule mkulima wetu yuko mjane wa kizungu, miaka 58, ana ardhi ya kutosha, jina lake la ukoo ni lingine kabisa. Nikataka kumpita, ila nikakumbuka kwetu ukitaka kujua mali ya mwanamke imetoka wapi uliza kwao. Nikatafuta hati ya ndoa yake. Jina la baba yake, ndo jina letu!

Nilimpigia mume wangu kazini, akadhani mtoto kaumia.

Baba wa yule mjane alikufa 1836 na wosia wake upo kwenye kitabu cha wosia cha kaunti, picha zake zipo mtandaoni bure kwenye FamilySearch, mwandiko wa kalamu ya manyoya ila unazoea. Na humo nikajifunza kitu ambacho ningekijua mapema ningeokoa ile miezi yote: watoto wa kiume mara nyingi walipewa ardhi, mabinti wakapewa watu. Ardhi haihami na binti akiolewa, watu wanahama. Kwa hiyo mtu anaondoka kwenye shamba la kina fulani anaenda kwa mkwe mwenye jina lingine, ila yeye mwenyewe anabaki na jina la kule alikotoka, huenda kwa sababu mama yake na ndugu zake walibaki kule. Kama unatafuta wako, wafuate mabinti.

Wosia unasema anamwachia binti yake kitanda cha manyoya na vifaa vyake, farasi, na mwanamke fulani (jina la bibi lile lile la 1870, na sio jina la kawaida) "pamoja na uzao wake wa baadaye". Hayo maneno yalikuwa ya kawaida kabisa kwenye wosia za wakati ule. Sheria ya Virginia tangu 1662 ilisema mtoto anafuata hali ya mama, mama mtumwa mtoto mtumwa, baba awe nani sijui. Mi nimekulia pwani, na utumwa wa kwetu sitautetea hata kwa dakika moja, lakini kule pwani suria akizaa na bwana wake mtoto alikuwa huru na alirithi, Majid na Barghash walikaa kwenye kiti cha Zanzibar na mama zao walikuwa masuria. Virginia mtoto wa bwana anaandikwa kwenye orodha ya mali ya baba yake, anathaminiwa, na kaka zake wanamrithi. Hapo nilifunga kompyuta nikaenda kuosha vyombo.

Baada ya wosia zikaja hesabu za msimamizi, miaka miwili ya mapato na matumizi, kama namba 6 yetu ila ndefu zaidi kwa sababu kulikuwa na madeni. Nawashauri msiziruke hizi karatasi hata kama zinachosha. Mle unaona watu wanakodishwa kila tarehe 1 Januari kwa mwaka mzima ili deni lilipwe, jozi ya viatu, blanketi, daktari. Na katikati ya misumari na kodi ya kaunti, Machi 1837, kuna mstari unasema amelipwa mkunga kwa ajili ya bibi. Yule mkulima wetu kwenye 1870 ana miaka 33. Hesabu mwenyewe. Yaani mzee mzaa babu yao alirithishwa kabla hajazaliwa, yeye ndo ule "uzao wa baadaye".

Bibi alikuwa na watoto wakubwa pia, hao hawakutajwa kwenye wosia kwa hiyo wakaingia kwenye mgawanyo wa waliobaki, Januari 1838. Mahakama ilichagua majirani watatu, wakawapa watu bei, wakawapanga kwenye mafungu ili kila fungu likaribiane thamani, fungu likizidi aliyelipata anamlipa mwenzie tofauti kwa pesa. Kwa namna fulani ni haki tupu, hakuna mrithi aliyepunjwa! Binti mkubwa wa bibi akaangukia fungu la mtoto wa kiume aliyekuwa anahamia Alabama.

Ikabaki kurudi nyuma zaidi. Baba wa huyu wa 1836 alikufa 1798 bila wosia, orodha yake iko kwa pauni na shilingi, maana hata baada ya kujitoa kwa Mwingereza 1776 Virginia waliendelea kuhesabu hivyo kwa miaka. Kurasa mbili tu, shamba la tumbaku la kawaida, watu 11, ng'ombe, majembe, sufuria za chuma, na baada ya farasi kuna jina la mwanamke na neno "na mtoto" halafu jina la bibi. Wamewekewa bei moja wote wawili, pauni 70. Alikuwa na miaka kama mitatu.

Na hapo nikakwama tena kwa sababu sikuelewa mbona mama na mtoto hawakupewa mrithi yeyote. Jibu nilipewa na karani mmoja wa kumbukumbu: fungu la mjane. Wakati ule mume akifa mjane anapata theluthi moja, pamoja na theluthi ya watu, lakini ni ya kutumia tu mpaka afe, sio yake ya kuuza wala kuacha huru, akifa inarudi kwa warithi wa marehemu mumewe. Ukitaka mfano unaojulikana mwangalie George Washington, rais wa kwanza wa Marekani. Mume wa kwanza wa mke wake Martha alikufa 1757 bila wosia, na orodha aliyoiandika Washington 1799 ina watumwa 317 pale shambani kwake Mount Vernon, 153 kati yao walikuwa wa lile fungu la Martha. Wosia wake uliwaacha huru wale wake mwenyewe, hao 153 hakuwa na mamlaka nao, Martha alipokufa 1802 wakagawanywa kwa wajukuu wanne, na kuna familia zilizokuwa zimeoana pande mbili, baba yuko huru mke na watoto wanakwenda kwa wajukuu. Wosia wenyewe haukuwa kinga pia. Thomas Jefferson, naye aliwahi kuwa rais, alipokufa 1826 aliwaandika huru watu watano, mmoja wao mhunzi Joe Fossett, lakini deni lilikuwa zaidi ya dola 100,000, na Januari 1827 watu 130 wakatangazwa kwa mnada wakiwemo mke wa Fossett na watoto wao.

Basi mjane wa yule wetu wa 1798 alikufa 1814, warithi wakagawana tena, bibi ana miaka 19 akaenda kwa yule mtoto wa kiume atakayekuja kufa 1836. Nikapanga karatasi zote mezani: 1798, 1814, 1836, na ya mwisho 1858 alipokufa mume wa yule binti aliyemrithi bibi. Mirathi nne. Kwenye ya 1858 kijana wa bibi, miaka 21, ana bei ya dola 1,150, na mstari wa chini yake yuko yeye bibi, miaka 63, na kwenye safu ya bei wameandika 0. Wazee waliandikwa hivyo, wengine walihesabiwa kama gharama. Halafu nikafungua ile orodha ya 1860 isiyo na majina, chini ya jina la mjane: mwanamke 65, mwanamume 23. Nilikuwa nimeipita mwezi wa kwanza kabisa.

Nilikaa na hizo karatasi wiki tatu kabla ya kumwambia mama mkwe, nilikuwa naogopa ile sifuri. Mume wangu akasema usimfiche, ni wake. Jumapili baada ya kanisa nikamwekea moja moja. Kwenye mkunga akatabasamu. Kwenye 1858 akavua miwani akaifuta, akaivaa, akasema, "Kwa hiyo 1870 yuko na mwanae nyumba moja." Nikasema ndiyo Mama. "Na yule mwanamke yuko nyumba ya nne." Ndiyo. "Basi alikuwa anamwona kila siku akipita." Akaomba chai.

Kisha akaniuliza nina uhakika gani, swali zuri, maana majina yanafanana na umri kwenye karatasi hizi unarukaruka. Nikamwambia lile jina si la kawaida, umri wake haupishani hata miaka miwili popote, na kuna kitu cha tatu: kipimo chake cha mate (cha DNA) kilikuwa kinamwonyesha ndugu wa mbali Alabama ambao hakuwahi kuwajua, nilipowaandikia mti wao ukaanzia kwa mwanamke aliyezaliwa Virginia, jina lile lile la yule binti mkubwa wa kwenye mafungu. Wanakuja mwezi wa nane, fulana zao tumeshaagiza.

Kilichobaki ni yule mama wa 1798, mwenye "na mtoto". Kwenye orodha ya 1814 hayumo. Yule mjane wa 1798 alikuwa ameolewa tena kaunti ya jirani, kwa hiyo karatasi za miaka ya katikati zitakuwa chini ya jina la mume wa pili, na vitabu vya kule sijavikuta mtandaoni, itabidi twende. Nimeomba siku mbili kazini wiki ijayo. Mama mkwe anasema anakuja na yeye, ameshaniuliza mara mbili kama kule mahakamani wanaruhusu kuingia na chakula.