Mi ya rasti haimo kwenye kinanda chako: jinsi ya kuitia

Biti nyingi za taarab zinazotoka studio za Unguja siku hizi zina ugonjwa mmoja. Dumbak iko sawa, besi iko sawa, mwimbaji anaijua kazi yake, lakini kinanda kikiingia kinamtoa kwenye wimbo. Kompyuta haina kosa. Kinanda kimegawanywa hatua kumi na mbili zinazolingana, senti 100 kila moja (senti hapa ni kipimo cha umbali kati ya sauti), na Mi ya rasti, mojawapo ya maqamu (ngazi za sauti) za taarab, haikai juu ya hatua yoyote kati ya hizo. Iko karibu na senti 350 kutoka Do, katikati ya Mi bemoli (300) na Mi ya kawaida (400). Mpiga fidla au udi hupeleka kidole anapotaka, na ganuni, kile chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa, ina mandali, vile vyuma vidogo vya kubadilisha urefu wa uzi. Kinanda lazima kiambiwe.

Si maqamu zote zinazohitaji kazi hii. Hijazi, nahawandi, ajamu na kurdi zinapigika bila kugusa kitu, ndiyo maana watengeneza biti wamezing'ang'ania. Zinazosumbua ni rasti, bayati, sika na saba. Taarab ilikuja na vyombo vyake kutoka Misri zama za Sayyid Barghash, na Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab cha Unguja, wapo tangu 1905. Kuziacha maqamu nne kwa sababu programu ilitengenezwa na watu wasiozijua ni uvivu tu.

Dawa nyepesi ni faili la maandishi. Surge XT ni sinthi (programu ya kutengeneza sauti za kinanda) ya bure, inakubali Windows, Mac na Linux, na inasoma mafaili ya vipimo vya sauti yanayoishia na .scl. Fungua Notepad, andika hivi:

! rasti_do.scl
Rasti ya Do, bayati ya Re
12
100.0
200.0
300.0
350.0
500.0
600.0
700.0
800.0
900.0
1000.0
1050.0
2/1

Mstari wenye alama ya mshangao hausomwi. Unaofuata ni jina, kisha idadi ya sauti, kisha sauti zenyewe kuanzia Do dizi (kitufe cheusi kinachofuata Do). Do ya mwanzo haiandikwi. Vilivyobadilika ni vitufe viwili tu: Mi imeshuka kutoka 400 hadi 350, na Si kutoka 1100 hadi 1050. Uzuri wake ni kwamba faili hilo hilo linakupa bayati ya Re, kwa kuwa bayati inatumia Mi ile ile na Si bemoli, ambayo haikuguswa.

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama: nukta. Ukiandika 350 bila nukta, programu haihesabu senti. Inasoma uwiano wa 350 kwa 1, na kitufe chako kinapaa kusikosikika. Ukisahau 2/1 mwishoni, sauti zinapungua kuliko ile 12 uliyoandika, na faili halikubaliki. Na Notepad hupenda kuhifadhi faili kama rasti_do.scl.txt, halafu Surge haioni kitu. Chagua "All files" unapohifadhi.

Mwimbaji akitaka rasti ya Re, usibonyeze transpose ya kinanda (kuhamisha sauti zote juu au chini) na kutumia faili lile lile, kwa sababu vitufe vilivyoshushwa vitabaki Mi na Si. Andika faili jingine: mstari wa kwanza wa sauti uwe 50.0 (Do dizi), wa nne urudi 400.0, wa sita uwe 550.0 (Fa dizi), wa kumi na moja urudi 1100.0.

Tena, 350 ni ya vitabuni. Wapigaji huiweka Mi ya rasti juu kidogo kuliko Mi ya bayati. Anza na 355.0 kwa rasti na 343.0 kwa bayati, kila moja na faili lake, kisha rekebisha kwa sikio mbele ya mtu anayejua: "Maalim, nipigie Mi peke yake, iache ilie." Sikio lake ndilo kipimo, si skrini yako.

Sauti za sinthi zikikuchosha, rekodi ganuni halisi ujitengenezee chombo. Kila sauti ya ganuni hutoka kwenye nyuzi tatu, kwa hiyo zilinganishe kwanza zote tatu, maana moja ikiteleza utaisikia katika kila nota mpaka mwisho wa wimbo. Weka maiki ya kondensa sentimita 30 hadi 40 juu ya nyuzi, rekodi mono kwa 24-bit na 48 kHz, vilele vifike kama -12 dB. Zima feni na friji, ondoa laptopu kwenye chaja ili ule mvumo wa 50 Hz usiingie. Vyumba vya Mji Mkongwe vina dari ndefu na kuta za mawe zinazorudisha sauti. Simamisha magodoro mawili nyuma ya mpigaji. Na angalia saa za adhana kabla hujaanza, usije ukakatizwa katikati ya kazi.

Sauti ishirini, nguvu tatu (taratibu, wastani, kwa nguvu), kila moja mara mbili: mafaili 120. Kila faili la sekunde 8 ni MB 1.15, jumla kama MB 138, hata laptopu ya zamani inabeba. Mara mbili kwa nini? Ganuni inajaa mapigo ya haraka kwenye uzi mmoja, na sampuli (kipande kilichorekodiwa) moja ikirudiwa husikika kama cherehani. Katika faili la SFZ, maandishi yanayosema kila kitufe kicheze sampuli ipi, linalochezwa na programu ya sforzando (ya bure pia), unazipokezanisha hivi:

<region> sample=mi4_a.wav key=64 tune=-50 seq_length=2 seq_position=1
<region> sample=mi4_b.wav key=64 tune=-50 seq_length=2 seq_position=2

Nguvu tatu zitenganishe kwa lovel na hivel (kiwango cha chini na cha juu cha nguvu ya kubonyeza). Namba 64 ni Mi ya katikati; rudia tune=-50 kwa kila Mi nyingine uliyorekodi (kati ya 40, 52, 76 na 88) na kila Si (kati ya 47, 59, 71 na 83). Lakini kama mpigaji alishusha mandali wakati wa kurekodi, ondoa tune kabisa, la sivyo utashusha mara mbili na kutua Mi bemoli.

Limebaki la sauti ya mwimbaji. Programu za kunyoosha sauti humvuta kwenye hatua iliyo karibu zaidi, na senti 350 iko sawasawa katikati ya hatua mbili. Matokeo yake Mi inarukaruka kati ya 300 na 400 kila koo linapotikisika. Kuchagua "chromatic" hakusaidii, ndiko kunakoleta balaa lenyewe. Kata vipande vyenye Mi na Si za rasti uviweke kwenye traki yao, bila kunyoosha chochote, na programu ishughulike na maneno mengine.