Mwewe, miwa na ile ndege ya Chemelil

Wiki mbili zimepita tangu mwewe anishushie droni kwenye matanga huko upande wa Awasi na mikono bado inaniwasha, si mwewe aliyenikwaruza, ni miwa. Kama hujawahi kutafuta kitu cha gramu 249 ndani ya shamba la miwa iliyofungana, wee shukuru Mungu tu.

Mi kazi yangu ni video, harusi kidogo na matanga sana. Huku kwetu siku hizi matanga bila droni watu wanaona kama familia haikujipanga, lazima zionekane tenti zote kutoka juu na magari yamepaki mpaka barabarani. Sasa siku hiyo niliruka saa nane mchana, jeneza liko nje, mhubiri anaendelea, nikatoka nikifuata upepo. Hapo ndo nilikosea. Mchana upepo unatoka ziwani unaingia bara, ukienda nao unateleza kama uko kwa lami, shida ni kurudi, unaona asilimia za betri zinadonolewa kama mahindi mbele ya kuku. Mtu yeyote amerusha droni Kisumu anajua unaanza kwa kupigana na upepo ndo kurudi iwe mteremko. Mi pia najua. Na nilifanya tu hivo.

Alafu mwewe akaja. Mwewe hapendi kitu kinaning'inia kwa anga yake. Mara ya kwanza alipita tu kuangalia, mara ya pili nikapandisha wima, manake yeye hupiga akishuka, kupanda kwa haraka vile hawezi, lakini na mimi juu nina mwisho, futi 400 ndo sheria. Nikaanza kurudi polepole na upepo usoni. Mara ya tatu kwa skrini nikaona anga, miwa, anga, miwa, majani. Kimya.

Vijana wanne wakajitolea kutafuta, bei soda moja moja. Kontrola iko na kitufe cha kuifanya droni ilie, tukaingia tukisikiliza kamlio kadogo hivi kama kifaranga, na upepo unavyopiga miwa huwezi jua kinatoka wapi. Kuna mzee alisimama pale kwa barabara akaniuliza, "Omera, hiki kimeanguka ni ndugu ya kile chuma cha Makueni?" Alimaanisha ile pete ya chuma iliyoanguka kijiji cha Mukuku tarehe 30 Desemba 2024, upana mita mbili na nusu, kilo kama 500, masalio ya roketi. Nikamwambia mzee, hii yangu hata kuku haiwezi kuua. Tuliipata baada ya saa moja na kitu, mkono mmoja umevunjika, propela moja haipo, kamera inaangalia kando kama mtu amenuna.

Miwa ilikuwa imenichanja vibaya so nikapitia kwa kituo cha afya nipakwe dawa. Na hapo ndo nikaona kitu imenifanya niandike hii yote.

Sista alikuwa ananipaka spiriti, simu yake ikalia, akasoma, akaniambia "Ngoja kidogo," akatoka. Nikamfuata na pamba yangu mkononi. Nje mlinzi alikuwa anafukuza mbuzi kutoka kwa kanafasi ka nyasi, kiasi cha kupaki magari mawili hivi. Nikasikia sauti nyembamba, si ile ya nyuki ya droni yangu. Ikatokea ndege, ndege kabisa, mabawa marefu, propela mbili, ikapita chini ikafungua tumbo, boksi jekundu likashuka na parachuti ya karatasi, pap, kwa nyasi. Haikusimama. Haikuzunguka kupendeza mtu. Ikageuka ikaenda. Mlinzi hata hakuangalia juu, alikuwa anaangalia mbuzi.

Hiyo ni ya Zipline, kampuni ya kupeleka damu na dawa kwa droni, iko Chemelil huku Kisumu tangu 2022, hao jamaa walianzia Rwanda 2016 alafu Ghana 2019. Hubeba kama kilo moja na robo tatu, tuseme pakiti tatu za damu. Watu wakiongea juu ya hii kitu hupenda kusema vile inaruka. Mi nilienda Chemelil Jumapili iliyofuata na pikipiki, nikasimama mbali, na nawaambia kuruka ndo kitu kidogo kabisa pale. Inarushwa na manati, chini ya sekunde moja iko spidi ya gari la haraka la Nakuru. Kurudi ndo kali: haina magurudumu, haihitaji uwanja, kuna milingoti miwili na kamba katikati, na mkiani ndege iko na kindoano kadogo. Inapita hapo kwa spidi yake yote, kamba inanasa ndoano, ndege inabaki ikining'inia kama samaki. Mi naishi na watu wa ndoano, nimezaliwa Dunga, lakini samaki wa kujileta kwa ndoano akiwa spidi hiyo sijaona. Wakishaishusha wanabadilisha betri, inarudi kazini.

Turudi kwa sista. Aliniuliza droni yangu inakaa juu dakika ngapi. Nikasema na huu upepo, ishirini na tano hivi. Akasema, "Na inabeba nini?" Nikasema kamera yake tu. Akacheka akaendelea kunipaka spiriti. Haki nilinyamaza.

Juzi binamu yangu wa Texas alinipigia kuniambia huko nao wameanza, upande wa Dallas, Zipline hiyohiyo na Walmart tangu 2025, lakini ya kwao inasimama juu kabisa na kushusha kaboksi na kamba mpaka mlangoni. Analetewa mayai. Nikamwambia sisi tulianza na damu, mayai tunanunua kwa mama kibanda. Akaniambia pia vile serikali yao Desemba 2025 ilifungia modeli mpya za droni za nje zisiidhinishwe, zile ziko tayari mikononi wanaendelea kutumia. Hapo DJI, kampuni ya droni ya Shenzhen huko China, ndo imeumia zaidi, na ndo hao wenye karibu kila droni unaona kwa harusi huku. Mi sijui nani ataniuzia kitu ya Marekani kwa bei ya matanga.

Huku kwetu kinachonisumbua si Marekani, ni karatasi. Kanuni za 2020 zinataka droni isajiliwe, uwe na ruhusa ya kuiingiza nchini, na ukifanya biashara uwe na cheti na laiseni ya rubani. Na Kisumu kiwanja cha ndege kiko ukingoni mwa ziwa, karibu na kila hoteli yenye watu hufanyia harusi, so ile shoti ya bibi harusi na jua likizama mnayonidai kila Jumamosi ni ya kuombewa ruhusa kwanza. Msinikasirikie.

Pesa naona itahamia Ahero. Mpunga. Kuna droni za kunyunyiza dawa, kama Agras T50, inabeba kilo 40 za dawa, unapita juu ya matope bila kuzamisha mguu. Lakini angalia kinachoenda na yeye: pikap, jenereta ya kuchajia betri, tangi la maji, mtu wa kuchanganya dawa, mtu wa kuangalia upepo usipeleke dawa kwa mboga za jirani. Mtu mmoja anarusha, wanne wako chini na gambuti. Bado naipigia hesabu, na kwa hiyo hesabu droni yenyewe si ndo inaniumiza kichwa, ni hiyo pikap.

Kwa sasa nimepata fundi Kondele, mkono mpya umeingia, kamera imenyooka kiasi. Jumamosi niko matanga ya Miwani, nitaruka asubuhi kabla upepo haujaamka. Na wale vijana wa Awasi wamenitumia picha jana, wamepata ile propela, wanataka mia mbili.