Kitufe kimoja, amri mbili za kuhama folda

Katika duka langu la kuchapa na kutoa kopi hapa Mwanjelwa, Mbeya, nilitaka kitufe kimoja cha programu ya kusimamia mafaili kinipeleke kwanza kwenye flashi ya mteja, kisha ndani ya folda ya barua, hivyo nikaandika `cd /d E:\ && cd Barua`. Dirisha jeusi la amri za Windows likafunguka na kufungika, nami nikabaki palepale. Sababu ni kwamba amri hizo zilitekelezwa katika mchakato mwingine (yaani programu nyingine inayoendeshwa kando) wenye folda yake ya kazi, na mchakato huo ulipokwisha ulitoweka na mabadiliko yake. Programu iliyouzaa haikuguswa. Dawa ni kutumia amri ya ndani ya programu yenyewe na kuipa njia nzima, `E:\Barua`, bila mnyororo wowote wa amri.

Mnyororo unafaa pale tu kazi yote inapofanyika ndani ya dirisha hilo jeusi. Hapo alama ya `&&` huendesha amri ya pili endapo ya kwanza imefaulu, ilhali `&` moja haijali; ukiunganisha kwa alama hiyo moja amri ya kuhamia flashi na amri ya kufuta wakati flashi imeshachomolewa (na wateja wangu huichomoa bila kuuliza), utafuta mafaili ya folda uliyokuwamo.