Milango ya Watu

Siku hizi sisimulii tena hadithi ya tembo. Wenzangu tunaotembeza wageni Mji Mkongwe wa Zanzibar wanaijua vizuri: unamsimamisha mgeni mbele ya mlango wenye njumu za shaba, vile vinundu vyenye ncha, unamwambia aguse ncha yake, halafu unamweleza kwamba kule Uhindi zamani njumu kama hizi ziliwekwa ili tembo wa vita wasiusukume mlango kwa kichwa. Mgeni anacheka, anapiga picha, msafara unaendelea. Hadithi hiyo imenilisha miaka. Hapa kwetu njumu zilikuwa pambo na majivuno ya mwenye nyumba, basi. Hakuna tembo aliyeteremshwa bandarini Malindi aje kuvunja mlango wa mtu.

Wala sikuiacha kwa kuona haya. Niliiacha kwa sababu ilikuwa inanipotezea muda. Mgeni akiwa anahangaika na njumu, macho yangu mie yako juu kwenye pembe, pale mwimo, ule ubao wa wima wa pembeni, unapokutana na bao la juu, natazama fundi aliumalizaje mnyororo wake. Mnyororo wa nakshi unapanda kutoka chini, pingili kwa pingili, na ukifika juu lazima ukubaliane na kona. Hesabu ikiwa haikukaa sawa, pingili ya mwisho itabanwa, au itanyooshwa kidogo, au fundi atachomeka jani dogo kuziba aibu. Ukishaiona pingili moja iliyobanwa, hupiti tena mbele ya mlango wowote bila kuitafuta. Kuna mlango mmoja Kiponda, mwenye nyumba yupo na tunasalimiana kwa hiyo sitausema zaidi, upande wa kushoto kila kitu kimelingana, upande wa kulia pingili ya juu imeminywa mpaka unaona kabisa mtu alikuwa anaomba isionekane. Nimesimama pale nikamuonea huruma mtu aliyekufa kabla babu yangu hajazaliwa, na kundi la watalii nyuma yangu linasubiri kupelekwa Forodhani.

Hilo jicho sikuzaliwa nalo. Nililipata mwaka 2020.

Machi ya mwaka ule ndege za watalii zilikatika. Hoteli zikafunga, mapapasi, wale vijana wanaowafuatafuata wageni, wakatoweka ufukweni, mitaa ya Shangani ikawa na paka tu, na kitambulisho changu cha kutembezea wageni kikabaki kinaning'inia msumarini. Kila mmoja wetu alitafuta pa kushika. Kuna aliyerudi kuvua Nungwi, kuna aliyepata bodaboda, kuna aliyekaa barazani Joz Kona akinywa kahawa za mkopo na kutabiri lini viwanja vya ndege vya Ulaya vitafunguliwa. Mie mjomba wangu alinipeleka kwa mtu anayefahamiana naye, fundi wa nakshi, karakana yake iko Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe. Si kwenda kujifunza, hapana. Nilikwenda kufagia, kubeba mbao na kupiga msasa vijisanduku, kwa ujira wa siku.

Sitaki kuipamba ile kazi. Vumbi la mninga linakukaba pua mpaka usiku unalala unapiga chafya. Unakaa chini, mguu mmoja umekunja na mwingine umeubana ubao, na kiuno kinakukumbusha umri. Karakana yenyewe ni banda la mabati. Adhuhuri ikifika, ndani hapakaliki.

Siku moja Fundi akanisukumia patasi zake, zile bapa na zile za mviringo, na jiwe la kunolea, akaniambia, "Hizi zimekufa. Zifufue." Akanionesha mara moja tu namna ya kulilaza chuma kwenye jiwe, halafu akageuka akaendelea na shughuli zake. Patasi ya mviringo kuinoa ni adha. Ukiizungusha vibaya unaharibu mdomo, na mdomo ukiharibika unaurudia upya tangu mwanzo. Hakuna anayekutazama, hakuna anayekusifu, hakuna hata kitu kinachotoka pale cha kumuonesha mtu. Adhana ya laasiri ikanikuta na jiwe mkononi. Nilikuwa sijala, na njaa sikuisikia.

Nikwambie kitu ninachokiamini, na ruksa kunikatalia. Watu wakizungumza kuhusu kuifuata sanaa, wanazungumza kuhusu kupenda. Kupenda ni rahisi mno. Mie napenda taarab, nikisikia fidla na ganuni nasisimka, lakini sijawahi hata siku moja kutamani kukaa mwaka mzima nikifunga na kufungua nyuzi. Milango vilevile niliipenda miaka yote niliyokuwa naisimulia. Ningeweza kuendelea kuipenda hivyo mpaka nife, kama mtu anavyopenda nyumba ya jirani. Kilichonibadilisha ni kwamba niliivumilia sehemu yake ya kuchosha, na hata neno kuvumilia silo. Niliitaka. Nilikuwa nalala nikiliwaza jiwe.

Kwa wiki kadhaa sikumwambia mtu. Ningesemaje? Mume wa mtu, baba wa watoto, amepata mapenzi na jiwe la kunolea.

Fundi mwenyewe si msemaji. Mie ndiye msemaji, kusema ndiyo kazi yangu, na nilimjia na maswali yangu ya kitalii. Kwenye ziara tunaeleza kila nakshi na maana yake: samaki ni uzazi, mtende ni neema, mnyororo ni ulinzi, yungiyungi ni hili, mawimbi ni lile. Nikamuuliza siku moja, "Fundi, ua hili hapa lina maana gani?" Akalitazama ua, akanitazama mie.

"Ua," akasema.

Nilicheka nikidhani ana mzaha. Hana. Baadaye, akiwa ametulia, alinieleza kwamba mnyororo unakaa ukingoni kwa sababu jicho linahitaji mahali pa kusimama, vinginevyo nakshi inamwagika nje ya ubao. Ua kubwa linakaa katikati ya bao la juu kwa sababu mtu akija anatazama katikati kwanza. Sisemi kwamba wazee wa zamani hawakuwa na maana zao. Walioagiza milango ile walijua walichokuwa wanataka, na maandishi ya Kurani yaliyo juu ya milango mingi hayakuwekwa kwa bahati. Ila nilitambua kwamba mie nilikuwa nimeujua mlango kama mtu anayesimama nje yake, na huyu mzee anaujua kama mtu aliyeingia. Yeye akiutazama mlango wenye bao la juu lililonyooka, wa mtindo wa zamani, na ule wenye bao la nusu duara uliokuja baadaye kwa mkono wa Kihindi, haoni tarehe kwanza. Anaona patasi gani imetumika na mti gani. Huu msaji, ule mfenesi, na hapa walitia kiraka.

Disemba ya mwaka huohuo sehemu ya Beit el Ajaib ikaporomoka. Jumba la Sultani Barghash, la mwaka 1883, ambalo kila mgeni wangu nilimsimamisha mbele yake. Watu wawili waliokuwa kazini mle walipoteza maisha. Fundi alipopata habari aliuliza kwanza habari za watu, akawaombea, akanyamaza kitambo kirefu. Kisha akauliza milango. Halafu akaanza kutaja, kwa sauti ya chini, majina ya mafundi anaowajua ambao mkono wao ungeweza kurudishia kazi ya namna ile, na kila jina alilotaja lilikuwa la mtu mzima kuliko yeye au la marehemu. Mie nikawa naendelea kupiga msasa, lakini nilikuwa nahesabu.

Utalii uliporudi nilirudi kazini, tena kwa furaha, kwa maana watoto walikuwa wanadaiwa ada ya skuli na dukani kwa Mpemba nilikuwa napita upande wa pili wa njia. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Nilikuwa nafanya ziara huku mkono umo mfukoni unachora. Nikamaliza kundi la asubuhi, badala ya kwenda kuwinda kundi la jioni, nikajikuta kwenye daladala ya Ng'ambo.

Mama ndiye niliyemwambia mwanzo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kuchambua mchele wake, akasema, "Mwanangu, ufundi haujapata kumtia mtu aibu. Lakini mie sijapata kumuona fundi asiyedai. Kila fundi ana mtu anayemdai fedha zake." Hili ni kweli tupu na mpaka leo linanifuata.

Mke wangu hakuniuliza kama ninapenda. Aliuliza mninga ubao mmoja bei gani, fremu ya kioo inachukua siku ngapi, inauzwaje, na nani ananunua. Tulikaa sebuleni na daftari la mtoto. Hesabu zilipomalizika, ndoto yangu ya kuacha utalii ilikuwa imekufa pale pale kwenye ukurasa wa hisabati wa darasa la tatu. Lakini yeye ndiye aliyekuja na jambo ambalo mie, kwa msisimko wangu, nisingelifikiri. "Masika wageni hakuna," akasema. "Kila mwaka miezi ile unakaa hapa unanisumbua jikoni. Kaichonge masika. Msimu ukianza, rudi kwa wageni. Ukiona masika inalipa, tutazungumza habari za Julai."

Kwa hiyo ndivyo ninavyoishi sasa. Msimu mkubwa, Juni mpaka Oktoba na tena pale mwisho wa mwaka, mie ni mtembeza wageni. Mvua zikianza Machi ni mwanafunzi wa mtu Ng'ambo. Kuna jamaa wananiambia, yakhe, chagua moja. Huwa nawatajia Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, ambaye Fundi humtaja kama watu wanavyomtaja mchezaji mpira. Yule bwana alichonga milango, alitunga tenzi, alikuwa mwanamuziki, na alinakili miswada kwa hati yake nzuri akauza hata kwa wataalamu wa Kizungu. Sijilinganishi naye, hasha. Nasema tu kwamba hakuna aliyemwambia achague.

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa fremu ya kioo kwa nyumba ya wageni moja mjini. Mnyororo ukingoni, mayungiyungi pembeni. Pingili ya mwisho ilikaa. Nilizihesabu kwenye karatasi kabla sijagusa ubao, nikazihesabu tena, Fundi akawa ananicheka. Mwenye nyumba aliifurahia, akanilipa nusu, nusu nyingine "wiki ijayo", na Mama alipopata habari alitabasamu tu, hakusema kitu. Kisha yule bwana akaniomba, kwa kuwa anajua mie ni mtu wa watalii, nimuandikie kikaratasi cha Kiingereza cha kutundika pembeni, kinachoeleza maana ya kila ua. Nilikaa na kile kikaratasi usiku mzima. Mwisho nikaandika kwamba ni mti wa mninga, umechongwa Ng'ambo kwa mkono, na mwaka. Hakukipenda. Nasikia sasa anawaeleza wageni yeye mwenyewe, na kwamba mnyororo wangu una hadithi ya kusikitisha sana.

Masika hii Fundi ameniambia ni wakati wa kuwa na ubao wangu. Mninga unatoka Bara na kila ukivuka bahari bei inapanda, kwa hiyo amenishauri nianze na mfenesi, mti wetu. Ukipasuliwa mbichi rangi yake ni kama manjano yaliyotwangwa sasa hivi, na kadiri unavyokaa unakolea mpaka unakuwa wa kahawia. Lakini haukubali haraka. Ukiuchonga haujakauka, unapasuka katikati ya ua ukiwa tayari umeshamwambia mteja uko tayari. Lazima ulale kivulini, umepangwa na vijiti katikati upate hewa, na kila baada ya muda uugeuze. Nafasi ninayo. Mke wangu ameshatoa idhini ya ukuta wa nyuma ya jiko, kwa sharti kwamba kamba ya nguo haiguswi.

Basi natafuta mfenesi. Mtu mwenye mti mkubwa ulioanguka kwa upepo, au unaokatwa kwa ajili ya ujenzi, Mwera, Dunga, Kizimbani, popote Unguja, aniambie kabla haujafika kwa wachoma mkaa. Kibali cha kukata kiwe kipo, maana sitaki ugomvi na watu wa misitu. Gari nalipa mie. Na kama una mafenesi yake pia, mke wangu anasema usiyatupe.