Siku moja maishani mwangu: tabibu wa meno, Pemba

Kila mara naulizwa, we si kazi yako kung'oa tu, unachoka na nini? Basi nimeona niandike siku moja nzima, Jumatatu iliyopita, saa kwa saa kama ilivyokwenda. Mie ni tabibu wa meno kwenye kituo kimoja cha afya huku Pemba, upande wa Chake Chake.

Saa 11 alfajiri. Adhana, siwaki, udhu. Mama yangu anaweka vijiti vyake vya siwaki kwenye kikombe dirishani, kijiti kikichakaa anakata ncha, anatafuna upya mpaka inakuwa nyuzi nyuzi kama brashi, na umri wake huo wa miaka 70 na ushei bado ana meno 27, nimeyahesabu mwenyewe. Mie natumia vyote viwili, siwaki halafu baadae brashi na dawa yenye floraidi, kwasababu siwaki inasugua vizuri mbele lakini magego ya nyuma kwa upande wa ndani mkono haufiki sawasawa. Kuna watu hunibishia hapa, wanasema siwaki ni sunna inatosha. Sunna siigusi jamani, nasema tu ongeza brashi, na ukishatema povu usisukutue maji mengi, iache ile floraidi ikae kwenye meno ifanye kazi yake.

Saa 1 na nusu nafungua chumba. Nahesabu vifaa vilivyotoka kwenye mashine ya mvuke ya kuua vijidudu, joto la nyuzi 121, koleo moja moja kwenye pakiti yake, maana bila hivyo siku haianzi hata foleni iwe ndefu vipi. Chumba changu kinanukia karafuu siku zote na wageni hudhani nimetia udi wa karafuu, kumbe ni ile dawa ya kuzibia kwa muda: unga mweupe wa zinki na mafuta ya karafuu, nausonga kwenye kipande cha kioo mpaka unakuwa donge dogo gumu kama ugali uliokauka, ndo naujaza kwenye tundu. Sie Wapemba tunaanika karafuu kwenye majamvi msimu mzima, makonyo, vile vikonyo vyake, yanakwenda kiwandani Wawi kukamuliwa mafuta, na wachache sana wanajua kuwa mafuta ya karafuu ni dawa ya meno dunia nzima.

Saa 2 nje washakaa watu 14. Wa kwanza ni binti wa miaka 11 kaja na baba yake, gego limeoza linatakiwa litoke. Lakini huyu ana vali ya moyo iliyoharibika, ilianza kwa maumivu ya koo alipokuwa mdogo, yakaleta homa ya baridi yabisi, homa ikashuka kwenye moyo. Kwa mtoto kama huyu ukishika koleo kienyeji tu, bakteria wa kinywani wanaingia kwenye damu, wanakwenda kukaa pale pale kwenye vali mbovu, na maradhi hayo yanaua. Kwahiyo nampa kwanza dozi yake ya antibayotiki kwa uzito wake, nawaambia wakae wasubiri, saa 3 ndo namtia ganzi nang'oa. Baba yake akauliza, dokta, kwani akipiga mswaki si damu inatoka vilevile? Swali zuri mno hilo! Nikamwambia ndio, fizi zikiwa zimevimba hata kutafuna tu kunaingiza bakteria kwenye damu, kila siku, kwahiyo kidonge cha leo kinamlinda leo, kinachomlinda mwaka mzima ni fizi safi. Akasema hospitali wanakofuatilia moyo mwanawe hajawahi kuambiwa afunue kinywa. Nikamwandikia kwenye daftari lake la kliniki, herufi kubwa.

Saa 4 na robo akaingia bi mkubwa mmoja, nadhani miaka 58, buibui safi, mkono kashika shavu. "Mwanangu nimekuja uning'olee hili lacheza, la mbele." Nikamuuliza una maradhi gani mengine, akasema sukari, mwaka wa 9 huu, dawa zimeongezwa mara mbili na haishuki. Nikaomba kitabu chake: asubuhi ile kabla hajanywa chai ilikuwa 13.2, juu sana.

Nikachukua kile kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, unakipenyeza taratibu baina ya jino na fizi. Fizi nzima kinaingia milimita 1 mpaka 3 kinagota. Kwake kiliingia 5, 6, pale kwenye jino linalocheza kikaingia 8, na kila nilipokitoa damu ikafuata bila hata kulazimisha. Akaniambia, "Hizo zatoka damu tangu nilipoolewa, ndo zangu hizo."

Hiyo sentensi ndo naisikia kuliko zote kwenye kazi hii. Ndo zangu hizo. Mkono wako ukitoka damu kila unaponawa utakwenda hospitali siku hiyo hiyo, lakini fizi zikitoka damu miaka 30 mtu anasema ndo zake! Fizi nzima haitoki damu. Ile damu maana yake utando umekaa pale siku nyingi, umeganda ukawa ugaga, na bakteria wanaishi chini yake, wanakula mfupa unaoshika jino kidogo kidogo bila kuuma. Ndo maana meno yanaanza kucheza na hayana hata tundu.

Nikamwambia bi mkubwa, nionyeshe miguu yako. Akashangaa, lakini akavua viatu. Miguu safi, kucha zimekatwa vizuri, visigino vimepakwa mafuta. Kliniki ya sukari walimfundisha aiangalie kila usiku asipate kidonda, na anafanya, mashallah. Nikamwambia sasa mama, ndani ya fizi zako mna kidonda, ukikusanya mifuko yote ile kilimoingia kijiti ukaitandaza, kwa mtu aliyeathirika sana inafika sentimita za mraba 8 hata 20. Ungekuwa na kidonda cha ukubwa huo mguuni ungelala? Akanyamaza. Akasema, "Wallahi nisingelala."

Na mambo haya yanakwenda pande zote mbili. Sukari ikiwa juu, fizi zinakosa nguvu ya kupigana na bakteria, zinaoza haraka. Na fizi zikiwa na uvimbe siku zote, mwili unamwaga kwenye damu kemikali za kupigana na ule uvimbe, kemikali hizo hizo zinafanya insulini isifanye kazi vizuri, sukari inapanda. Wataalamu walipowatibu wagonjwa wa sukari fizi zao, kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu kilishuka kwa wastani kama asilimia 0.4. Mtu anaweza kuona ni kidogo, lakini kuna vidonge vya sukari vinavyoongezwa ili vishushe kiasi kama hicho, na hapa ni kusafisha tu. Dawa zake za sukari aendelee nazo vilevile, hilo nilimsisitizia mara tatu.

Nikaanza kumkwangua upande wa kushoto, chini, nyuma ya meno ya mbele pale ulimi unapogusa. Ugaga ulitoka kwa vipande, rangi ya kahawia iliyoiva, mgumu kama gamba la chaza lililoshika mwamba, kimoja kilidondoka kwenye sahani ya chuma kikalia. Nikampa akishike. Akakigeuzageuza kwenye glavu, akauliza hiki kilikuwa ndani yangu mimi? Nikampa kioo. Kwa mara ya kwanza aliona nafasi baina ya meno yake. Sikumaliza kinywa kizima, nilifanya nusu, jino la kucheza nikaliacha kwanza tuone fizi zikitulia.

Saa 6 mama mjamzito wa miezi mitano, fizi zimevimba nyekundu, kaogopa kuja kwasababu kaambiwa mimba na daktari wa meno haviendi pamoja, na mkwewe kamwambia mtoto ndo anayemnyonya meno. Mtoto hanyonyi meno ya mamake, madini anayoyataka yanatoka kwenye chakula na kwenye mifupa. Homoni za mimba zinafanya fizi ziwake kwa utando mdogo tu, na kumsafisha mjamzito ni salama. Nikamsafisha akaondoka.

Adhuhuri nikasali, nikanywa chai mara moja na muhogo, nikarudi. Hapa nje ya kituo pana barza, wazee wanakaa toka asubuhi na vikombe vya chai ya sukari, funda moja, mazungumzo, funda lingine, na halua ya Wete ikiwepo inapita. Nawaambia siku zote, kunyweni mmalize. Kila funda la sukari meno yanakaa kwenye asidi kama nusu saa ndo mate yanasawazisha, sasa ukinywa kidogo kidogo kutwa nzima mate hayapati nafasi. Mmoja alinisikia, siku hizi anakunywa chai yake mara moja halafu anashika kikombe cha maji.

Saa 8 na nusu. Hii sehemu bado inanikaa moyoni.

Kaletwa kijana mvuvi, miaka 24, kwenye bodaboda wamembana katikati. Nilimwona mlangoni nikajua. Chini ya kidevu pamejaa pande zote mbili, ngozi imekaza inang'aa, mate yanamchuruzika kwasababu hawezi kumeza, taya haifunguki hata vidole viwili, ulimi umenyanyuka umegusa juu, na akisema sauti inatoka kama mtu aliyebana muhogo wa moto mdomoni. Ndugu zake walitaka kumlaza kitandani, nikapiga kelele msimlaze! Akilazwa ulimi unarudi nyuma unaziba pumzi. Tukamkalisha, nesi akatafuta mshipa, tukaanza sindano za antibayotiki, mie mkono mmoja kwenye simu naita ambulansi.

Kaka yake ndo alinisimulia. Gego la chini la nyuma lilimuuma miezi miwili iliyopita, hakulala wiki nzima, akatia tumbaku, akanunua vidonge dukani vinne tu, pesa ilikuwa hiyo. Halafu maumivu yakakata yenyewe. Wakashukuru wakajua kapona. Jamani, jino bovu likiacha kuuma ghafla mara nyingi ni kwamba moyo wa jino, ile nyama ya ndani yenye mishipa ya fahamu, umekufa, hauna tena wa kulalamika, na uozo unaendelea kushuka kwenye mzizi. Mizizi ya magego yale ya nyuma chini inafika chini ya msuli unaobeba sakafu ya kinywa, usaha ukitokea pale hauji juu kwenye fizi ukaonekana kama jipu, unakwenda shingoni.

Ambulansi ilifika baada ya dakika 40, nilizihesabu zote. Nilikaa naye namwambia vuta kwa pua, pole pole, vuta kwa pua. Alinishika kidole hakuachia mpaka wanamfunga mkanda, amekaa vile vile.

Saa 11 nikapanda gari kurudi nyumbani, sikusema na mtu.

Saa 2 usiku nampiga mswaki mwanangu wa miaka miwili, dawa kiasi cha punje ya mchele, anaimba huku mdomo wazi na mie nasugua kufuata wimbo wake. Mama amekaa mkekani, akauliza mbona kimya leo. Nikamsimulia.

Saa 3 na dakika 20 simu ikalia, mwenzangu wa hospitali kubwa kanitumia sauti: wamempasua chini ya kidevu pande mbili, usaha umetoka mwingi, gego limetoka, anapumua mwenyewe na kaomba maji. Nilimwekea mama aisikie, akasema alhamdulillah, akanyanyuka kufunga madirisha.

Nikachukua daftari la miadi kabla sijalala. Alhamisi, saa 3 asubuhi, bi mkubwa, upande wa kulia.